Kabla ya kununua runinga janja

Mama yangu mkubwa, mkazi wa London mwenye umri wa miaka 74, aliniomba nimsindikize dukani. Runinga yake bado ilikuwa na picha safi, ila mtengenezaji alikuwa ameacha kuihudumia, na programu aliyotumia kutazama habari za nyumbani ilikuwa imekoma kufanya kazi.

Muuzaji alitusifia inchi na rangi, nami nikavutiwa. Mama akanigeukia: "Mwanangu, muulize, hii itahudumiwa hadi mwaka gani?"

Swali hilo ndilo lenye uzito. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza inawataka watengenezaji wa vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti watangaze ni hadi lini, kwa uchache, watatoa marekebisho ya usalama. Muda huo ukipita, picha yaweza kuendelea kuonekana, lakini mlango umebaki bila mlinzi.

Kisha mama alivua miwani, akaishika rimoti, akakitafuta kitufe cha sauti kwa kidole. Ile niliyoipenda mimi ilimshinda. Ya runinga ndogo zaidi ilimtii. Akainunua hiyo.

Atakayeitumia ndiye mwenye haki ya kuichagua, si sisi tunaomsindikiza.