Panya, Ndizi na Daftari la Hesabu
Kule Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Fimbo hakuna. Panya akipatia, kidude kinalia “klik!”, na papo hapo anapewa ndizi. Ikichelewa, hajui amelipwa kwa lipi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020.

Sasa mzazi, mtazame mwanao kwa jicho hilohilo. Kaleta daftari: hesabu tano, kapata mbili. Wengi wetu, nami nimo, tunarukia zile tatu alizokosa. Jioni hii anza hivi: “Hapa umekumbuka kukopa kumi kabla ya kutoa. Nionyeshe ulivyofanya.” “Hongera” tupu haimwambii arudie nini.