Tairi za Basi: Soma Ubavuni Kabla ya Kulipa

Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, izinduliwe Kondoa mwaka 2018, mabasi hukimbia zaidi na tairi hupata moto zaidi. Mwenye basi lililoundwa juu ya chesisi ya lori hununua tairi sita, mbili za mbele na nne za nyuma. Gharama ni nzito, ndiyo maana mtumba humvutia.

Asidanganywe na kashata nene!

Ubavuni, mwishoni mwa alama ya DOT, kuna tarakimu nne: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo huwa umekauka hata kama haujatembea sana. Tairi pacha za nyuma nazo zisipolingana kimo, kubwa hubeba mzigo wa mwenzake hadi ipasuke. Fundi azipime zote kwa futi kamba kabla ya kuzifunga.