Likelemba na siku ya mwisho



Leo tuzungumze juu ya likelemba. Munaijua: wamama kumi, kila juma kila mmoja anatoa franka 1.000, na mmoja anabeba zote. Juma la kumi, duara limefungwa. Lakini habari ya lori za kurudisha watu nyumbani ikifika kambini, likelemba zinaanza kufa. Watu wanasema ni wizi. Mimi nasema mara nyingi ni hesabu iliyotangulia wizi.

Hesabu hiyo inaanzia mwisho. Juma la kumi, wamama tisa wamekwisha kula, na kesho kila mmoja anapanda lori lake. Kwa nini watoe tena? Basi mama wa kumi anajua hatapata kitu. Kama hatapata kitu, juma la tisa naye hatoi, na wale waliokwisha kula hawatoi. Mama wa tisa anaona hayo mapema, anafunga mkono juma la nane. Fuata hivyo ukirudi nyuma, utafika juma la kwanza, na hakuna aliyetoa hata franka moja.

Wataalamu wanaujua mtego huu. Mwaka 1981 Mmarekani Robert Rosenthal aliandika mchezo wa watu wawili: pesa zinaongezeka kila mmoja akimwachia mwenzake, lakini yeyote anaweza kunyakua fungu kubwa na kumaliza mchezo. Hesabu ya kutoka mwisho inasema: nyakua mara ya kwanza. Mwaka 1992 McKelvey na Palfrey walitoa matokeo ya kuwachezesha wanafunzi kwa pesa za kweli. Katika mchezo wa hatua nne, ulionyakuliwa mara ya kwanza ulikuwa kama 7 kati ya 100. Lakini musifurahi haraka: uliofika mwisho bila kunyakuliwa ulikuwa kama 5. Mingi ilivunjika katikati, kama likelemba zetu.

Kwa nini hawakunyakua mara moja? Hesabu ile inasimama juu ya nguzo moja: kila mtu awe na hakika kwamba mwenzake atakula akipata nafasi, na kwamba mwenzake anamfikiria yeye vilevile. Mama wa kwanza akitoa franka zake, nguzo inatikisika. Hesabu ilisema hatatoa, naye ametoa! Sasa utamhesabu namna gani?

Sisi tuliosoma sheria tunapenda hati na muhuri. Lakini lori likishaondoka, ni hakimu gani atafuata franka 1.000 barabarani? Afadhali wamama wanaorudi kijiji kimoja wakae katika duara moja. Kwao juma la kumi si mwisho, wataonana kisimani. Duara lililochanganya wageni na wenyeji lifungwe mbele ya shefu kabla ya siku ya safari, na aliyekula alipe mbele ya watu.

Na wewe, shefu, ukipewa tarehe ya lori, kabla ya kuitangaza uulize katika kila duara: nani bado hajala? Andika majina yao.