Ada ya Safari za Kukodi na Njia ya Wote

Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa Kigoma katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



 Habari za mazao na za hesabu mmekwisha kuzisikia kwa wenyewe. Sisi tumechagua kusema juu ya safari, kwa kuwa zao lililolala njiani halina bei, na dagaa hawangoji foleni ipungue.

Ndugu wanachama, mji wetu ni mwana wa safari. Ujiji palikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, na Burton na Speke waliwasili hapa kwa njia hiyo mwaka 1858. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata ikashushwa majini meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ambayo leo twaiita Liemba. Hapana shaka basi kwamba watu wa pwani hii ya Tanganyika wanajua njia ni nini, na wanajua pia kwamba njia ina gharama.

Katika siku za misafara, kila mtawala ambaye msafara ulipita katika nchi yake alidai malipo, nayo yaliitwa hongo. Hongo hapo mwanzo lilikuwa neno la heshima: ni haki ya mwenye nchi, ili mpitaji apite kwa amani, apate maji na chakula. Lakini malipo yale yalizidi kila kituo, na mlipaji hakuona daima alichokipata. Leo neno hilo hilo, mkilisikia, laleta aibu. Twaomba mlishike moyoni, maana lina somo lote la maneno yetu ya leo: malipo ya njia yakikosa daftari na yakikosa faida iliyo wazi, huharibika hata jina lake.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Katika miji mikubwa ya ulimwengu, mtu huita gari kwa simu yake ya mkononi, nalo likamjia mlangoni. Kwa Dar es Salaam jambo hili si geni tena; huitwa motokaa, bajaji, hata pikipiki. Ni msaada mkubwa kwa mgonjwa, kwa mama mwenye mzigo, na kwa mtu aliyeshikwa na usiku. Lakini lina upande wa pili. Gari la namna hii huzunguka tupu likimngoja mwitaji, na aghalabu humbeba mtu mmoja katika nafasi ya wanne. Mjini San Francisco, Marekani, mamlaka ya usafiri ilichunguza miaka ya 2010 hadi 2016, ikaona kwamba karibu nusu ya msongamano ulioongezeka katika muda huo ulitokana na magari hayo.

Ndipo miji mingine ikaamua kwamba atumiaye barabara kwa namna hiyo achangie usafiri wa wote. Chicago iliongeza senti 15 za dola kwa kila safari mwaka 2018, fedha ziende kwenye treni na mabasi ya mji. Mwaka 2020 ikaweka ada nyingine, iliyo kubwa zaidi kwa asafiriye peke yake katikati ya mji saa za kazi, na ndogo kwa wanaochangia gari moja. New York nayo, tangu Februari 2019, ilitoza dola 2.75 kwa gari la kukodi liingialo sehemu ya Manhattan iliyo kusini ya Mtaa wa 96, na senti 75 tu kwa abiria wa kuchangia. Fedha hizo zikatengwa kwa shirika la treni na mabasi. Shabaha ni mbili kwa jiwe moja: ada yamfanya mtu afikiri kabla ya kuita gari la peke yake, na fedha yake yamnunulia jirani kiti katika basi.

Mtatuuliza, na mna haki: haya ya Marekani yatuhusu nini, sisi ambao bado twasimama kituoni tukapunga mkono, na bodaboda akaja? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mji wetu wa Kigoma na Ujiji unakua, na barabara zake zina vilima upande mmoja na ziwa upande wa pili. Haziwezi kupanuliwa kama shuka. Dar es Salaam ilingoja mpaka foleni ikawa donda, ndipo mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yakaanza katika njia ya kwanza yenye urefu wa kilometa 20.9. Njia ile ilisifiwa hata ng'ambo, lakini abiria wake wamelalamika mara nyingi kwamba mabasi hayatoshi. Kujenga njia ni jambo moja, na kupata fedha ya kuiendesha kila siku ni jambo jingine. Pili, nchi yetu imekwisha kupata mafunzo mawili yake yenyewe, nayo ni bora kwetu kuliko ya Chicago.

Funzo la kwanza ni la mwaka 2022. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliweka kwamba kampuni ya kuita magari kwa simu isichukue zaidi ya asilimia 15 ya nauli. Nia ilikuwa njema, kumlinda dereva. Lakini mwezi wa Aprili mwaka huo Uber ilisimamisha kazi yake nchini. Mazungumzo yakafuata, kiwango kikapandishwa kufikia asilimia 25, pamoja na ada ya kuita gari ya asilimia 3.5, na mwanzoni mwa 2023 Uber ikarudi. Hatusemi nani alishinda. Twasema kwamba dereva, ambaye ndiye aliyetetewa, alikaa miezi mingi bila kazi ile. Ada yoyote isiyojadiliwa na wote wanaoigusa humwangukia aliye chini kabisa.

Funzo la pili mnalijua katika mifuko yenu. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kiwango chake cha juu kikiwa shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Ilikusudiwa kwa shule, zahanati na barabara. Lakini watu walinung'unika, na wengi walirudi kwenye fedha taslimu. Septemba ya mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa. Watu wetu si wachoyo. Katika vyama vyetu hukatwa kiasi katika kila kilo, na hatuandamani. Tofauti ni kwamba makato ya chama tunayapiga kura sisi wenyewe, tunayaona katika kitabu, na mkutano mkuu unaweza kumsimamisha Mweka Hazina aeleze.

Hapa ndipo ushirika unapoingia katika jambo la barabara. Wapo wanaosema mambo ya usafiri ni ya Serikali na Manispaa peke yao. Twawaheshimu, lakini twawakumbusha kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, kazi ikapewa mamlaka za mazao, na mwaka 1982 sheria ikavirudisha, kwa kuwa mkulima alihitaji chombo kilicho chake. Msafiri naye ahitaji chombo kilicho chake, na dereva vilevile.

Basi Kamati yenu yaleta mawazo manne, si maagizo.

La kwanza, vijana wa bodaboda na bajaji wasaidiwe kuunda chama cha ushirika chenye daftari na akiba. Wengi wao huendesha chombo cha mtu mwingine na kumpelekea hesabu kila jioni, iwe mvua iwe jua. Mtu wa namna hiyo akitozwa ada kabla hajawa na sauti, tutakuwa tumemwongezea mzigo kichwani.

La pili, siku huduma ya kuita kwa simu itakapoenea kwetu, ada na iwekwe mapema na iwe ndogo, ilipwe kupitia kampuni na kwa kila safari, wala isikusanywe kwa kusimamisha watu barabarani. Mgonjwa aendaye hospitali asitozwe. Na asafiriye na wenzake alipe pungufu.

La tatu, fedha hiyo iwe na kasha lake peke yake, na hesabu yake ibandikwe ukutani kila mwezi, sokoni Ujiji, Mwanga na Kibirizi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

La nne, na hili ndilo lililo karibu na mioyo yetu, usafiri wa wote usifikiriwe kuwa ni basi tu. Kwetu barabara kuu ya watu wengi ni maji. Mama wa kijiji cha kaskazini, kuelekea Gombe na Kagunga, huja sokoni kwa mashua inayotia nanga Kibirizi. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, ni Liemba iliyowaleta Kigoma. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya ada ya mji na inunue vitu ambavyo mlipaji ataviona: kibanda cha kivuli kituoni, basi dogo kati ya Ujiji na Kigoma linaloondoka kwa saa iliyotajwa hata kama halijajaa, ngazi nzuri ya kushukia mashuani, na majaketi ya kuokolea yasiyochakaa.

Ndugu wanachama, twajua maneno ya ada hayapendezi katika siku ya ngoma. Wala hatufichi kwamba ada peke yake haimalizi foleni. Pasipo basi la kupanda, itakuwa adhabu tu kwa asiye na njia nyingine. Ndiyo sababu twasema basi na mashua vitangulie, au vije pamoja na ada, visije nyuma yake.

Miaka kumi iliyopita tulianza na kilo chache na mashaka mengi. Haba na haba imejaza kibaba. Lakini methali nyingine yatuonya kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Kinachozitenganisha methali hizo mbili ni mlinzi wa buyu. Twawaomba katika miaka kumi ijayo mkubali kuwa walinzi wa njia kama mlivyokuwa walinzi wa mizani, ili mjukuu wetu atakapolipa senti yake ya safari asiite hongo, bali aite mchango.