Mlango wa Ndani: Kwa Nini Jaribio la Kupenya Mtandao wa SACCOS Lianzie Dirishani



Hapa Bomang'ombe, ambapo barabara ya Sanya Juu inaachana na ile ya Moshi hadi Arusha, vyombo vya fedha vimebanana: matawi ya benki, SACCOS, kampuni za mikopo na vibanda vya mawakala wa simu. Kila mlango una nondo na kufuli, na usiku yupo mlinzi. Mada hii inahusu mlango ambao mlinzi huyo hakukabidhiwa, nao ni tundu la waya wa mtandao lililo ukutani, nyuma ya benchi wanapokaa wanachama wakisubiri huduma. Hoja yangu ni moja. Chombo kidogo cha fedha kikiamua kumlipa mtaalamu ajaribu kuuvamia mtandao wake kwa ruhusa, ili matobo yajulikane kabla mwizi hajayaona, jaribio la kwanza lianzie ndani, pale alipo keshia. Najua bodi nyingi zitavutiwa na kinyume chake. Ukuta wa nje unaeleweka upesi, kwa kuwa sote tumezoea kuwaza kwamba mwizi hutoka mbali.

Tuanze na tukio lililoifundisha dunia. Februari 2016 wezi walituma maagizo ya malipo kwa jina la Benki Kuu ya Bangladesh kwenda benki kuu ya Marekani tawi la New York, wakitaka karibu dola bilioni 1. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Nyingine milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka ziliokolewa na kosa la tahajia kwenye jina la mpokeaji. Ukisoma yaliyobainika baadaye, utaona kwamba hakuna aliyebomoa ukuta. Kwa mujibu wa mashtaka ya Marekani, wavamizi walianza mapema 2015 kwa barua pepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, zikiwaelekeza wafanyakazi kwenye wasifu wenye programu ya kijasusi. Mfanyakazi akifungua faili la namna hiyo, mgeni amekwishaingia. Baada ya hapo ni suala la kutembea tu, kutoka kompyuta hadi kompyuta, mpaka chumba cha malipo ya kimataifa. Wapelelezi wa Bangladesh walieleza kuwa mtandao ule uliunganishwa kwa swichi za mitumba za takriban dola 10, bila kifaa cha kuchuja mawasiliano. Benki kuu ya nchi nzima! Jaribio la nje lingeweza kuipa benki ile cheti kizuri. Jaribio la ndani lingeuliza swali lililokuwa na maana: mtu akishakaa kwenye kompyuta ya karani wa kawaida, anaweza kufika wapi?

Jirani zetu nao wana ya kusimulia. Oktoba 2020, nchini Uganda, wavamizi waliipenya Pegasus, kampuni iliyounganisha benki na mitandao ya simu, na kwa siku kadhaa Stanbic, MTN na Airtel zikasimamisha kuhamisha fedha kati ya benki na simu. Tobo lilikuwa kwa mtu wa kati aliyeaminiwa na pande zote. Novemba 2024 waziri wa nchi anayeshughulikia fedha nchini humo, Henry Musasizi, alikiri bungeni kuwa akaunti zilizo benki kuu zilivamiwa. Miezi michache baadaye waliofikishwa mahakamani walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha yenyewe. Shauri ni la mahakama na silisemei, ila mwelekeo wa upelelezi unatosha kutufumbua macho.

Sasa jaribio lenyewe likoje? Mpimaji anakaa kwenye lile benchi na kuchomeka waya. Ruta, isipokuwa imefundishwa vinginevyo, inampa anwani kama inavyompa mfanyakazi. Anawasha Nmap, programu ya bure iliyopo tangu 1997, na kwa dakika chache anapata orodha ya kila kifaa kilichowashwa: printa, kompyuta za makeshia, kinasa picha cha kamera za ulinzi, na seva yenye akaunti za wanachama. Vyote viko uwanja mmoja, kama nyumba isiyo na vyumba. Anajaribu nenosiri la kiwandani kwenye kinasa picha. Likikubali, anaona dirisha la keshia kutoka juu, na kamera ikiwa inatazama kibodi, anasoma vidole. Kisha anatazama umri wa mifumo. Windows 10 iliacha kupokea viraka vya kawaida vya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 7 Januari 2020. Mashine ya namna hiyo ikikutwa inashika leja, mpimaji hana haja ya ubingwa. Tusisahau WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017: kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetoka miezi miwili nyuma, na bado ilienea zaidi ya nchi 150 kwa kuruka kutoka mashine moja hadi nyingine ndani ya mitandao iliyoaminiana kupita kiasi. Dawa ya sehemu kubwa ya haya ni rahisi: kuutenga mtandao wa wageni, wa kamera na wa leja, kufunga matundu yasiyotumika, kubadili nywila za kiwandani. Kinachokosekana ni mtu wa kuionyesha bodi kwa ushahidi.

Yapo mapingamizi, na baadhi yana uzito. La kwanza ni kwamba sisi ni wadogo, nani atatutaka? Programu inayopekua anwani za intaneti haiulizi mtaji. Tena hasara haipimwi kwa shilingi peke yake. Benki kubwa ikiibiwa hurekebisha mizania yake. SACCOS ikiibiwa, fedha ni akiba ya watu wanaojuana kwa majina, na mikopo ya ada za shule na pembejeo husimama msimu huohuo. Pingamizi la pili ni kwamba tayari tunakaguliwa. Kweli, COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, hukagua vitabu, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika husimamia leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Lakini mkaguzi huangalia kama hesabu zinalingana. Mtu aliyeingia kwa jina la keshia halali anaweza kuandika miamala inayolingana vizuri kabisa.

Zito zaidi ni lile la kumkabidhi mgeni funguo. Hapa sina jibu jepesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa jinai, kwa hiyo idhini ndiyo inayomtofautisha mpimaji na mhalifu, na ni lazima itolewe na mwenye mamlaka ya kuitoa. Septemba 2019, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, wapimaji wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama wakiwa na barua ya idhini. Waliowaajiri walikuwa utawala wa mahakama wa jimbo. Lakini jengo lilikuwa la kaunti. Mashtaka yalifutwa Januari 2020, baada ya fedheha nyingi. Sisi tuliopanga vyumba kwenye majengo ya ghorofa, tukitumia intaneti moja na duka la dawa la chini, tuisome habari hiyo mara mbili. Barua itaje vifaa, siku na saa, na mwenye jengo aridhie kwa maandishi. Mpimaji asiwe aliyetuuzia mfumo. Mkandarasi wa mfumo naye aridhie, na akikataa, kisa cha Pegasus kinatosha kuwa jibu la kwa nini tusisaini naye tena. Taarifa za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo ripoti isibebe majina wala salio, na isitumwe WhatsApp. Ripoti yenye ramani ya matobo ni mali ya wizi tayari.

Gharama nayo si kisingizio. Mtaalamu mzuri ni ghali, na SACCOS moja ya Machame au Masama ikimwita peke yake itaumia. Lakini mkoa huu unajua dawa yake. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilisajiliwa 1933 kwa sababu chama kimoja cha msingi kisingeweza kuifikisha kahawa yake sokoni kwa bei ya maana. SACCOS tano au sita zenye mfumo unaofanana zinaweza kuajiri timu moja, kila moja ikapata ripoti yake kwa siri. Ipo hatari kwamba tobo la mmoja ni tobo la wote. Hata hivyo, hatari hiyo ipo leo pia, ila hatuijui.

Ombi langu kwa wajumbe ni hili. Mkutano mkuu ujao utakapoletewa makisio na ukomo wa madeni, ulizeni fungu la jaribio la ndani liko wapi, na fungu la kurekebisha yatakayoonekana liko wapi, maana la kwanza bila la pili ni kulipia huzuni. Ripoti ikabidhiwe bodi na kamati ya usimamizi kwa pamoja, asipewe kwanza yule anayesimamia kompyuta. Na tarehe ya jaribio ijulikane kwa mwenyekiti na meneja tu. Dirishani asiambiwe mtu.