Kushua na Kuzindua: Neno la Kiingereza "Launch" na Meli ya Ziwa Tanganyika



Tarehe 5 Februari 1915, mjini Kigoma, Wajerumani waliiingiza majini meli ya Graf von Goetzen. Meli hiyo ilikuwa imeundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli, ambako iliungwa upya. Tarehe 16 Mei 1927, ikiwa mikononi mwa Waingereza na kwa jina jipya la Liemba, ilianza kazi mara ya pili. Kiingereza huweza kuyaeleza matukio yote mawili kwa neno "launch", na mfasiri wa leo, bila kusita, ataandika kwamba meli "ilizinduliwa" mwaka 1915 na "ikazinduliwa" tena mwaka 1927. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba atakuwa amepatia mara moja tu.

"Launch" lilitokana na Kifaransa cha kaskazini cha Karne za Kati, nalo shina lake ni neno la Kilatini "lancea", yaani mkuki. Maana yake ya awali ilikuwa kurusha au kuvurumisha. Kutoka hapo likahamia kwenye kusukuma chombo kiingie majini, kisha kwenye kuanzisha chochote: kampeni, kitabu, benki, roketi. (Jina "launch" la mashua si ndugu wa kitenzi hicho. Lilipitia Kireno, na chimbuko lake huaminika kuwa Kimalei.)

Kwa maana ile ya chombo na maji, Kiswahili kina kitenzi chake: kushua. Chombo hushuliwa. Umbo lake liko karibu na shuka na shusha, na tendo lenyewe ndilo hilo, kukiteremsha chombo kutoka nchi kavu. Ni neno la mabaharia wa pwani, lakini haifai kudhani kwamba bara halikulihitaji. Mwaka 1858, Speke alipofika Ujiji pamoja na Burton, alivuka ziwa kwenda kutafuta jahazi la Sheikh Hamid, mfanyabiashara Mwarabu. Palipo na jahazi pana watu wanaojua kulishua, na msamiati wa kazi husafiri pamoja na mafundi wake.

Zindua ni neno la jamii nyingine kabisa. Tukilipanga pamoja na wenzake, sura yake hudhihirika: funika na funua, bandika na bandua, anika na anua, zindika na zindua. Hii ni kauli ya kutendua. Kuzindika ni kuweka kinga ya kiganga juu ya mtu, nyumba au mali, na kinga hiyo huitwa zindiko. Kuzindua ni kuliondoa zindiko na, kwa kupanuka kwa maana, kumgutusha mtu aliyepigwa na bumbuwazi au aliyelala fofofo. Maana ya kufungua jambo rasmi imesimama juu ya msingi huo. Kwa hiyo mwenzi wa kweli wa zindua katika Kiingereza si "launch" bali "inaugurate", neno linalotokana na makuhani wa Roma waliotazama ndege angani kabla ya jambo kubwa kuanza. Lugha mbili zisizo na udugu zimechukua neno la ibada na kulikabidhi kwa wakataji wa utepe!

Sasa turudi Kigoma. Mwaka 1915 meli ilishuliwa. Tarehe 26 Julai 1916, adui walipokuwa wanakaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wahandisi walizipaka injini grisi nzito ili zisiharibike. Tendo hilo linakaribia sana kuzindika: kukikinga kitu ili kilale salama hadi atakayekirudia. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa. Haikushuliwa upya, maana ilikuwa tayari majini. Walichofanya mwaka 1927 ni kuiamsha. Hapo zindua latumika kwa uzito wake wote, katika maana ya kale na katika maana ya sherehe.

Mfasiri anayeandika "ilizinduliwa" mara mbili huwa amefuta kuteremshwa, kulazwa na kuamshwa, akamwachia msomaji sherehe mbili zinazofanana. Wako watakaosema kwamba lugha hukua kwa kupanua maana, na hilo ni kweli. Lakini upanuzi unaosahaulisha neno lingine lililo hai ni hasara.

Si lazima hazina itafutwe pwani peke yake. Katika Kirundi, jirani wa karibu sana wa Kiha cha Kigoma, kuanza ni "gutangura", na shina lake laonekana katika tangu na tangulia za Kiswahili sanifu. Asisi limetoka katika Kiarabu, kwa maana ya kuweka msingi. Chama huasisiwa, safari huanza, nyumba hufunguliwa, chombo hushuliwa. Hata jina Liemba ni la wenyeji: Livingstone alilikuta mwaka 1867 likitumiwa kwa sehemu ya kusini ya ziwa, na miaka 60 baadaye likaandikwa ubavuni mwa meli iliyoundwa Papenburg.