Fumi na Ndevu Zake

Juma hili sina la siasa wala la bei ya unga. Nimekuja kumsemea samaki.

Samaki mwenyewe ni fumi, wengine humwita hongwe, yule kambare wa maji chumvi. Sokoni watu humpita wakiendea changu na nguru. Hana magamba, anateleza, na sura yake si ya kualikia wageni. Lakini waulizeni wavuvi wa mshipi.

Nilikwenda Mgogoni, kule Pemba, nikashuka na mzee mmoja hadi horini penye mikoko, jua limekwisha kuzama. Tulikuwa na mshipi, ndoana, chubwi na vipande vya kamba, basi. Fumi hachagui, hupapasa tope kwa ndevu zake gizani, akinusa chambo huja. Marekani nako wako kambare wadogo wa maziwa na mito wapendwao kwa sababu hiyo hiyo: mtoto mwenye uzi na nyungunyungu hurudi nyumbani na kitoweo.

Wa kwanza nilimshika kama nimshikavyo changu. Lahaula! Fumi ana miba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, yenye meno kama msumeno, na sumu juu yake. Mkono uliwaka hadi kwapani. Mzee akanirudisha kwake mbio, nikautia katika maji ya moto, moto wa kuvumilika, si wa kuunguza. Maumivu yakapungua.

"Mwanangu," akasema, "huyu huvunjwa miba kwanza, salamu baadaye."

Kesho yake tukapitia wando wake. Humo mlikuwa na fumi mmoja, mdomo umemjaa mayai makubwa kama gololi.

"Ami, amekula mayai ya nani huyu?"

"Yake. Ni dume."

Ndivyo ulivyo ukoo wao. Jike hutaga, dume huyabeba mayai kinywani mpaka watoto watoke, na siku zote hizo hali kitu. Kwa hiyo ndoana haimpati. Humpata wando na nyavu, na akitikiswa huyatema yote.

Mzee hakumwinua. Alifungua wando, akamwacha atoke mwenyewe.

Usiku ule tulikula wali kwa mchuzi wa nazi, wa fumi wa jana. Mkono wangu ulikuwa bado umevimba, nikaletewa kijiko.